Upole wa Maneno katika Barua za Kiingereza

Mwanafunzi wetu anapofundishwa kuandika barua ya Kiingereza, mara nyingi hupewa orodha ya maneno ya kulainisha usemi, akaambiwa kwamba hiyo ndiyo adabu. Jambo hili lafaa kupimwa, kwani neno laini na adabu si kitu kimoja.

Asili ya maneno hayo si mbaya. Mwingereza anapoomba, hukirudisha kitenzi nyuma: badala ya "can" huandika "could", na badala ya "will" huandika "would". Hukivika kitenzi vazi la wakati uliopita, ingawa haja yake ni ya leo. Mswahili naye husema, "Nilikuwa naomba...", au "Ningependa kujua." Lugha zote mbili humwachia mwombwaji nafasi ya kukataa bila ya mtu kuaibika. Hapo ndipo adabu ilipo.

Kasoro huanza pale ambapo nafasi hiyo haipo. Wakati wa ukoloni, barua ya serikali yenye amri iliweza kumalizika kwa maneno "your obedient servant", yaani mtumishi wako mtiifu, ilhali aliyeandikiwa hakuwa na njia ya kukataa. Waingereza wenyewe waliuona ugonjwa wa lugha yao. Mwaka 1946 George Orwell aliandika makala ya kushutumu lugha ya siasa inayofunika maovu kwa maneno ya upole. Mwaka 1948 Sir Ernest Gowers alitoa kitabu, Plain Words, akiwashauri watumishi wa serikali yao kuandika kwa uwazi na kwa kumjali msomaji.

Nasi tusijione tumepona. Mwombaji huweza kuandikiwa kwamba ombi lake "linashughulikiwa", hali limekwisha kukataliwa. Tafsiri ya neno kwa neno nayo huzidisha kosa: "I am afraid" katika barua ya kumnyima mtu kazi si "naogopa", bali "nasikitika", tena anayesikitika kweli hueleza sababu.

Basi mwalimu asiyafundishe maneno haya kama mambo ya kukariri tu. Amwulize mwanafunzi kwanza: "Je, huyu unayemwandikia anaweza kukukatalia?" Kama anaweza, na alainishe ombi lake. Kama hawezi, amweleze ukweli waziwazi, kwa heshima, pamoja na sababu zake. Wahenga walisema, muungwana ni vitendo.