Zisome Pedi Kuukuu Kabla ya Kufunga Mpya

Breki zikianza kulia, wenye magari wengi hununua pedi, huzifunga, kelele ikakoma na safari ikaendelea. Pedi zimebadilika, ila kilichozila zile za mwanzo huenda bado kimo ndani ya gurudumu. Hapa naichambua kazi ya kubadilisha pedi za mbele za Toyota IST ya toleo la kwanza, gari lililojaa mitaa ya Dar es Salaam. Ni kazi ya uani, na vifaa vyake ni vya kawaida. Faida yake kubwa kuliko zote ni kwamba anayeifungua breki kwa mkono wake huziona pedi zilizotoka, na pedi hizo ndizo zinazoeleza afya ya breki nzima.

Kwanza tupime mzigo wenyewe. Gari hili lina uzito wa karibu tani moja. Likiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, linabeba nishati ya kilojuli 385 hivi, inayotosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Ili lisimame, nishati hiyo lazima igeuke joto, na sehemu kubwa huangukia breki za mbele kwa sababu gari likifunga breki uzito huhamia mbele. Kwenye kilomita 50, nishati ni robo tu ya ile. Anayeteremka mlima wa Kitonga akiwa kwenye gia kubwa, mguu umeganda kwenye breki, anazichosha bure. Gia ndogo ingeiachia injini sehemu ya kazi hiyo.

Kila diski ya mbele imekumbatiwa na kalipa yenye pistoni moja, upande wa ndani. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki huisukuma pistoni, nayo huibana pedi ya ndani kwenye diski. Papo hapo kalipa nzima huteleza juu ya pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje upande wa pili. Ukiachia, hakuna springi inayoirudisha pistoni. Inarudishwa na mpira wa duara unaoizunguka, ambao hujipinda pistoni inapotoka na kuivuta nyuma kiduchu unapojinyoosha. Kadiri pedi zinavyoliwa, pistoni husogea mbele na mafuta hujaza nafasi nyuma yake. Kwa hiyo mafuta kwenye kopo hushuka kidogo kidogo hata pasipo na uvujaji.

Kazi ilianzia kwenye ardhi tambarare na ngumu: gari kwenye Parki, hendibreki juu, kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma. Nati za tairi zililegezwa gari likiwa bado chini. Kisha jeki iliwekwa kwenye alama iliyo ubavuni, gari likaegeshwa juu ya stendi, na tairi lililotolewa likalazwa chini ya bodi liwe kinga ya pili. Jeki ni ya kuinulia. Mtu asiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Boliti ya chini ya kalipa ikitolewa, kalipa hugeuzwa juu na kufungwa kwa waya, isining'inie kwenye mpira wa mafuta. Vumbi la pedi halipulizwi kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwa sababu ni hatari kwa mapafu. Hulowanishwa na kupanguswa kwa kitambaa.

Hapo ndipo pedi zilipotoa habari. Upande wa kulia, ya ndani na ya nje zilikuwa na unene unaokaribiana. Upande wa kushoto, ya nje ilikuwa na nyama ya kutosha, ya ndani imebaki ukoko. Pistoni ilikuwa inasukuma, lakini kalipa haitelezi kuivuta pedi ya nje. Pini moja ilipochomolewa ilionekana kavu na yenye kutu: mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika, maji na mchanga vikaingia. Pedi mpya zingefungwa hivyo hivyo, ile ya ndani ingeliwa kwa kasi ileile. Dalili nyingine nazo zina maana yake. Pedi iliyoliwa mshazari huashiria kukwama upande mmoja. Pedi zote mbili za gurudumu moja zikiisha mapema, shuku pistoni isiyorudi.

Pini ilisafishwa kwa msasa laini, ikapakwa grisi ya silikoni, ikavishwa mpira mpya. Grisi ya kawaida ya petroli haifai hapa, kwani huuvimbisha mpira. Kabla ya kuirudisha pistoni ndani, kopo la mafuta lilifunguliwa na kuangaliwa. Aliyeongeza mafuta wakati pedi zinaisha atayaona yakifurika sasa, nayo hubabua rangi ya gari. Pistoni ilisukumwa polepole kwa klampu ya seremala, pedi kuukuu ikiwa katikati ili nguvu isambae.

Pedi mpya zikawekwa, kalipa ikafungwa na tairi likarudishwa. Kwa nati za tairi, Toyota huagiza nyutoni-mita 103 kwa magari yake mengi madogo. Hiyo ni sawa na kubonyeza kwa uzito wa kilo 35 kwenye ncha ya spana ya sentimita 30. Mtu wa kilo 75 akisimama juu ya spana hiyo anazidisha mara mbili na kuzivuta skrubu zinazoshika tairi. Ukazaji ni wa kupishana, nati hii kisha ya mkabala wake.

Kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali hukanyagwa mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni iko mbali na pedi, na mkanyago wa kwanza huzama bila kushika. Baada ya hapo, pedi hulainishwa kwa kupunguza mwendo taratibu mara kadhaa barabarani pasipo na msongamano, zipate kukaa vizuri kwenye diski.

Kazi hii ina mpaka. Pistoni ikiwa imeganda, mafuta yakivuja, mpira wa mafuta ukiwa na nyufa, au diski ikiwa imechimbika, mwite fundi anayeaminika. Hata hapo, mwambie akupe pedi zilizotoka. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito: kushoto ndani, kushoto nje, kulia ndani, kulia nje, pamoja na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Zikiwa mkononi mwako, utajua kama breki zilitengenezwa au zilivishwa pedi mpya tu.