Dhamana ya Yuda

Wahenga walisema subira yavuta heri. Na mara nyingi mtu atakapo kutuonyesha ukweli wa methali hii hutuletea habari ya Yusufu mwana wa Yakobo. Twaipenda sana habari hii, nasi huwasimulia watoto wetu tangu hawajajua kusoma: kijana alichukiwa na ndugu zake, akatupwa shimoni, akauzwa, akafungwa gerezani bila kosa, akavumilia, na mwisho akawa mkuu katika Misri. Hayo yote ni kweli. Lakini twadhani ya kuwa tukiisoma hivyo tu twasoma nusu ya kisa, tena twaiacha nusu iliyo ngumu. Mwandishi wa kitabu cha Mwanzo hakuandika habari za mtu mmoja mwema aliyekaa kati ya watu wabaya. Aliandika habari za nyumba nzima iliyoharibika, na jinsi ilivyopata kuungana tena. Na mtu aliyejitoa ili nyumba ile iungane hakuwa Yusufu. Alikuwa Yuda.

Na tuanze mahali alipoanzia mwandishi mwenyewe. Ugomvi wa ndugu hawa haukuanza siku ya ile kanzu ya fahari. Ulianza kabla wao hawajazaliwa. Yakobo alimtumikia Labani miaka 7 ili ampate Raheli; usiku wa arusi akadanganywa, akapewa Lea. Lilipokwisha juma la arusi akapewa Raheli naye, kisha akatumika miaka 7 mingine. Watu husifu saburi ya Yakobo hapa, nayo yastahili sifa. Lakini mwandishi hatuachi tumtazame mume peke yake, bali hutupeleka mpaka kwa Lea, mke asiyetakwa. Lea hakunyamaza. Huzuni yake aliitia katika majina ya watoto wake. Alipomzaa Reubeni alitumaini ya kuwa sasa mumewe atampenda; alipomzaa Simeoni alikiri kwamba Bwana amesikia jinsi anavyochukiwa; alipomzaa Lawi alitumaini tena ya kuwa mumewe ataambatana naye. Alipomzaa wa nne hakumtaja mume kabisa. Alimsifu Bwana tu, na mtoto akamwita Yuda. Msomaji na aliweke neno hili moyoni, kwani tutalihitaji mbele.

Yakobo mwenyewe alikuwa ameonja uchungu wa upendeleo. Isaka alimpenda Esau, Rebeka alimpenda yeye, na kwa ajili ya hayo kukawa udanganyifu, naye akalazimika kukimbia kwao. Tungalidhani ya kuwa mtu wa namna hiyo hawezi kulirudia kosa lile kwa wanawe. Lakini alilirudia. Alimpenda Yusufu kuliko wote, akamvika kanzu ambayo wengine hawakupewa. Na Yusufu, kijana wa miaka 17, alimletea baba habari mbaya za ndugu zake, tena akawasimulia ndoto za ukubwa wake. Mwandishi hamfichi hata yeye. Baba alimkemea kidogo, akaliweka jambo moyoni. Kisha akamtuma peke yake, mbali, kwa watu waliokuwa wakimchukia. Kuna kunyamaza ambako ni saburi, na kuna kunyamaza ambako ni uvivu wa moyo. Yakobo alinyamaza palipompasa kusema, na watoto wakalipa.

Twajua yaliyofuata. Aliyetoa shauri la kumwuza Yusufu alikuwa Yuda. Aliuliza kuna faida gani kumwua, akaona heri auzwe. Wakapata vipande 20 vya fedha. Wakaichovya kanzu katika damu ya mbuzi, wakampelekea baba yao, wakamwambia aitazame na kuitambua.

Hapo mwandishi anaukata mwendo wa kisa ghafula, akaingiza sura ya 38, habari za Yuda na Tamari. Walimu wengi huiruka sura hii kwa haya. Sisi twaona wanakosea, kwa maana ndiyo mlango wa kuingilia mambo yote ya baadaye. Yuda alifiwa na wana wawili, waume wa Tamari mmoja baada ya mwingine. Alimwogopea mwanawe wa tatu, Shela, hata akamrudisha mkaza mwana wake kwao akae mjane, kwa ahadi asiyokusudia kuitimiza. Tamari alipoona ameachwa hivyo, akajifunika uso, akaketi njiani, na Yuda akamdhania kahaba. Kwa kuwa hakuwa na mwana-mbuzi wa kumpa saa ile, alimwachia rehani: pete yake ya muhuri, na kamba yake, na fimbo yake. Ilipojulikana ya kuwa Tamari ana mimba, Yuda aliamuru atolewe nje, achomwe moto. Ndipo Tamari alipozituma zile rehani, akamwambia atazame na kutambua ni za nani.

Katika Kiebrania neno hili la kutambua ni lile lile walilotumia wana wa Yakobo juu ya kanzu yenye damu. Mwandishi ameliweka mara mbili kwa makusudi. Yuda, aliyeshiriki kumfanya baba yake atambue uongo, sasa anafanywa kutambua ukweli. Naye hakujificha. Alikiri ya kuwa mwanamke yule ana haki kuliko yeye. Twaona ya kwamba hapo ndipo Yuda alipoanza kugeuka, si Misri.

Baadaye njaa iliingia, na ndugu wakashuka Misri kununua nafaka. Mkuu wa nchi, wasijue ya kuwa ni Yusufu, alimfunga Simeoni na kuwaagiza wamlete Benyamini, mwana wa pili wa Raheli. Yakobo alikataa kumtoa. Hapa mwandishi ameweka dhabihu mbili kando kwa kando ili tuzipime. Ya kwanza ni ya Reubeni. Alimwambia baba yake kwamba asipomrudisha kijana, baba na awaue wanawe yeye Reubeni wawili. Hiyo ni dhabihu gani? Anatoa uhai wa watoto ambao hawakuulizwa, tena ni wajukuu wa mzee yule yule anayetaka kumfariji! Yakobo hakukubali, naye alifanya vema. Ya pili ni ya Yuda. Yuda hakumtoa mtu. Alijitoa mwenyewe kuwa dhamana ya kijana, lawama iwe juu yake siku zote. Na neno la dhamana katika Kiebrania lina shina moja na lile la rehani aliyomwachia Tamari. Zamani aliweka pete na fimbo kwa ajili ya tamaa yake. Sasa anajiweka mwenyewe kwa ajili ya ndugu yake.

Dhamana ile ilidaiwa upesi. Kikombe cha fedha kilionekana katika gunia la Benyamini, na Yusufu akasema huyo abaki mtumwa, wengine waende kwa baba yao kwa amani. Jaribu ni lile la zamani: mwana mpendwa wa Raheli yu mikononi mwa wageni, na ndugu zake waweza kurudi nyumbani bila yeye. Safari hii hawahitaji hata uongo wala damu ya mbuzi. Ndipo Yuda akakaribia, akasema maneno yale marefu ya sura ya 44.

Na tuyasome polepole, kwani humo mna neno ambalo wengi hulipita. Yuda anamsimulia yule mkuu yaliyosemwa na baba yake, na kati ya hayo anataja kwamba mzee alisema mkewe alimzalia wana wawili. Mke yupi? Ni Raheli tu. Lea, aliyemzalia wana sita, hakuhesabiwa. Basi Yuda, mwana wa Lea, anayatamka kwa kinywa chake mwenyewe maneno yanayomfuta mama yake. Miaka 22 hivi kabla ya siku hiyo, upendeleo kama huo ulimfanya amwuze ndugu yake. Sasa anautaja bila kulalamika, na anaomba abaki mtumwa yeye, badala ya mtoto anayependwa kuliko yeye, ili baba yake mzee asife kwa huzuni. Baba hakuwa amebadilika, wala hakuwa ameomba radhi. Aliyebadilika ni Yuda. Hapo Yusufu hakuweza kujizuia tena. Alilia kwa sauti, akajitambulisha kwao. Saburi ya Yusufu iliwaokoa wengi na njaa, lakini nyumba ya Yakobo haikuungana mpaka mmoja wa waliokosa alipokubali kulipa.

Labda msomaji atatuuliza: Je, si hivi ndivyo tusemavyo sikuzote, ya kuwa mwenye kuonewa avumilie tu? La, sivyo. Yuda alikuwa mambo mawili pamoja: alionewa na baba yake, naye alimwonea ndugu yake. Ukubwa wake ni huu, kwamba hakuufanya uonevu wa kwanza kuwa udhuru wa uonevu wa pili. Wala hakuna mtu aliyemlazimisha kujitoa. Sisi tunaofundisha tumezoea kupeleka neno la saburi kwa mke asiyependwa na kwa mtoto aliyebaguliwa, na huko tunaishia. Kisa hiki chatutaka twende na kwa Yakobo tumwambie upendeleo wake, na kwa Reubeni tumwulize kwa nini anatoa visivyo vyake, na kwa kila aliyeuza ndugu yake tumwulize yuko tayari kulipa nini. Mtu asiyethubutu kwenda kwa hao, basi asimwendee Lea na neno la saburi.

Yakobo alipokaribia kufa aliagiza azikwe katika pango la Makpela, walikozikwa Ibrahimu na Sara, na Isaka na Rebeka. Akaongeza ya kuwa huko alimzika Lea. Hakusema zaidi. Na Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu, alimwandika Yuda, mwana wa yule asiyependwa, na Tamari aliandikwa pamoja naye. Basi tukifika tena sura ya 38 tusiiruke, na tukifika ya 44 tusiharakishe.