Mikono Bila Swali

Wazazi wengi tunaoishi Uingereza tumezoea kumwona mtoto akirudi skuli na ngao ya Kirumi aliyoitengeneza kwa boksi. Sie tuliosomeshwa historia kwa kukariri tarehe, bakora ikiwa mezani, tunafurahi, na tuna haki ya kufurahi. Lakini hebu muulize mtoto huyo: kwa nini ngao ya askari wa Kirumi ilipindwa, haikuwa bapa? Wengi watakujibu kwamba waliipaka rangi nyekundu. Mikono imefanya kazi, akili imepumzika.

Hiyo ndiyo kasoro ya masomo mengi yanayoitwa ya vitendo. Kutengeneza kitu si kujifunza historia, mpaka kitu hicho kijibu swali ambalo kitabu peke yake hakilijibu vyema.

Tuseme haki: mtaala wa England ulioanza kutumika Septemba 2014 una jambo zuri. Unataka watoto wa miaka 5 hadi 7 wajifunze matukio, watu na mahali penye umuhimu katika eneo lao, na wale wa miaka 7 hadi 11 wafanye uchunguzi wa historia ya eneo hilo. Mwalimu hodari huwatembeza mtaa mmoja, wakachora nyumba na kusoma tarehe zilizochongwa ukutani. Kisha hufungua sensa ya 1921, wakatafuta nani aliishi nyumba ipi, alifanya kazi gani, alizaliwa wapi. Hapo mikono inalitumikia swali. Na mtoto wetu anayejiona mgeni huenda akagundua kwamba mtaa huo ulipokea wageni kabla yake.

Lakini mtaala huo huo, unapofika kwenye jamii zisizo za Ulaya, unampa mwalimu achague moja kati ya tatu: Baghdad ya mwaka 900, Wamaya, au Benin. Kilwa, aliyoitembelea Ibn Battuta mwaka 1331, haimo. Hakuna mtaala unaobeba dunia nzima, kwa hiyo kazi hiyo ni yetu.

Nasi tunaifanyaje? Katika madarasa yetu ya Jumamosi tunawavisha watoto kanga, tunawapaka hina, tunawafundisha kukunja sambusa. Ni mambo mazuri, ila kwa upande wa historia hiyo ni ngao ya boksi iliyobadilishwa rangi.

Chukua mfano wa mtepe, chombo cha mwambao kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari, na tanga lake likiwa la mkeka. Mpe mtoto vibao viwili vyenye matundu na kamba, avishone, kisha aviweke kwenye beseni la maji. Maji yatapenya. Hapo mwenyewe atauliza: mafundi waliyazuia vipi? Kwa nini walishona? Mwache avitikise vibao, aone vinavyolegea bila kuvunjika, halafu afikirie chombo kinachopanda mchangani au kugusa mwamba.

Muulize tena: mtepe ulibeba nini? Miongoni mwa shehena zake zilikuwa boriti za mikoko kutoka visiwa vya Lamu. Sasa nenda kwenye nyumba kongwe za mawe za Unguja. Vyumba vyake vingi ni virefu na vyembamba, upana kiasi cha mita 3, kwa sababu boriti haiwezi kubeba dari pana zaidi ya hapo. Mkipeleka watoto likizo, wapeni utepe wa kupimia. Mtoto atakayepima vyumba vitatu na kupata karibu jibu moja atakuwa ameifikia historia ya biashara, misitu na ujenzi kwa mikono yake mwenyewe.

Na tusingoje sana. Beit el-Ajaib, iliyojengwa 1883 na baadaye kuwa makumbusho, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Kuta zinazoweza kuwafundisha wanetu hazitatusubiri.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi ndugu zangu walimu wa Jumamosi, kabla ya kununua gundi na rangi, andikeni kwanza swali ambalo mtoto atalijibu kwa kile atakachokitengeneza. Likikosekana swali, pikeni sambusa mle kwa furaha, lakini msiite kipindi hicho historia.