Vipande ni sawa, lakini mugawo je?

Bandugu wa promosyo, picha moja imezunguka sana mu grupe yetu: pizza iliyokatwa vipande 12 kwa mistari ya kupinda, inafanana na ua. Wengi waliandika kwamba ule ndio mugawo wa haki. Mimi nimeiangalia kwa jicho la mtu wa kilimo, na nina neno.

Kwanza tuwape sifa wenye sifa. Vile vipande ni sawasawa kabisa, umbo na ukubwa. Unachora pinde 6 kutoka katikati mpaka pembeni, kila upinde ukiwa na nusu-kipenyo ileile ya pizza. Unapata ngao 6, halafu kila ngao unaipasua katikati. Mwaka 2015, Joel Haddley na Stephen Worsley wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walionyesha kwamba mikato ya namna hiyo inaweza kuzaa mingine bila mwisho. Ni hesabu nzuri, hakuna ubishi.

Lakini tuulize swali la mezani. Vipande 6 ndivyo vinafika katikati, kwenye fromaji. Karibu ganda lote la pembeni linaangukia vile 6 vingine. Kama kuna watu wanaopenda ganda, vizuri. Kama wote wanataka fromaji, watu 6 watanuna, na utawaambia nini? Kwamba eneo ni sawa?

Hapo nakumbuka shamba la babu. Mpimaji alikuja na kamba, akatoa vipande vya ukubwa mmoja, batu bakapiga makofi. Wajomba wakapata bondeni, udongo mweusi. Mama akapata kule mlimani, mawe tupu. Karatasi ilisema wote wako sawa. Wakati wa mavuno mama alirudi na nusu gunia. Njo maana kwenye majaribio tunafundishwa kupanga shamba kwa bloki: udongo haufanani, hata mita zikifanana.

Kuna mukato mwingine ambao mimi naupenda zaidi, ijapokuwa hauna sura. Chagua pointi yoyote ndani ya pizza, hata mbali na katikati. Pitisha hapo mistari 4 iliyonyooka, kila pembe digrii 45. Vinatoka vipande 8, kimoja kikubwa, kingine kidogo. Sasa watu wawili wachukue kwa zamu, wakizunguka: kila mmoja anapata nusu kamili. Swali hilo lilitolewa mu Mathematics Magazine mwaka 1967, jibu likatoka 1968. Na ganda? Sheria ile inashika duara kubwa la pizza nzima, inashika pia duara dogo la fromaji, mradi pointi iko ndani yake. Toa dogo mu kubwa: ganda nalo limegawanyika nusu kwa nusu. Kasoro yake ni kwamba kwa mistari hiyo 4 inafaa watu wawili tu.

Chicago wao wanakata pizza nyembamba kwa miraba. Wa katikati hana ganda, wa pembeni ana kipembe kidogo. Lakini hawadanganyi mutu kwamba ni sawa. Kila mmoja anachukua anachopenda.

Kwa hiyo ile picha ni hesabu safi, ila si mugawo wa haki. Kesho kati yetu kuna watakaoitwa kugawa mashamba, mbegu ao pesa za koperative. Kabla ya kushika kisu, tuulize kwanza: sawa ya nini? Ninyi mungekata vipi?