Vidole vya Seremala

Hapa Katanika, mjini Kalemie, ukitaja mpira, watu wanafikiri miguu. Raga ni habari ya mbali. Kwa hiyo nikimsimulia James Peters huanza na kazi iliyompa chakula: alikuwa seremala katika bandari ya kijeshi kule Plymouth, Uingereza. Hapo fundi wa Kalemie hutega sikio.

Alizaliwa Salford mwaka 1879, baba Mjamaika, mama Mwingereza. Baba aliuawa na simba wa sarakasi. Mtoto naye alicheza sarakasi juu ya farasi hadi alipovunjika mkono, akaachwa, akalelewa na vituo vya yatima. Wasimulizi wengi humlilia kidogo, kisha hukimbilia tarehe 17 Machi 1906, alipokuwa Mweusi wa kwanza kuichezea Uingereza, wakaifunga Uskoti 9–3. Mimi nang'ang'ania mikono yake.

Nafasi yake ilikuwa ya kupokea mpira ukitoka tu kwenye skramu, lile kundi la wachezaji wanaosukumana kuugombea. Mpira wa raga una umbo la yai, na kuurusha mbele kwa mkono ni kosa. Wapinzani nao wameshaanza kumjia. Anayeupokea lazima awe ameamua kabla haujamfikia: apige teke, apenye, au ampe mwenzake anayetoka nyuma, na amwekee mbele kidogo ya kifua ili asipunguze mbio. Kazi hiyo ikifanywa sawasawa, anayeshangiliwa ni mwingine, yule aliyefunga. Katika timu ya mkoa wa Devon aliyemtolea mpira alikuwa Raphael Jago, na mwaka huo wa 1906 Devon ikawa bingwa wa mikoa.

Baadaye mwaka uleule timu ya Afrika Kusini ilizuru Uingereza. Walipomwona Peters upande wa Devon, nusura wagome kucheza na Mweusi. Desemba walipokutana na Uingereza, jina lake halikuwamo kikosini. Aliitwa tena, akamaliza na mechi tano, ya mwisho Januari 1908. Kongo yetu wakati huo bado ilikuwa mali ya Leopold II.

Mwaka 1910 ajali ya kazini ilimnyang'anya vidole vitatu. Watu wakasema basi, yeye akarudi uwanjani. Kilichomwondoa ni wakuu wa raga, waungwana wasiojua njaa, waliomfungia kwa madai ya kupokea pesa, jambo lililokatazwa katika raga yao. Seremala mwenye vidole saba! Mwaka 1913 akaenda kaskazini kuichezea Barrow, kisha St Helens, katika ile raga nyingine ambayo mchezaji alilipwa waziwazi.