Matanga Yasiyo na Maiti

Nimeitazama The Empty Grave (2024), filamu ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, nikiwa Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Hapa Usambara walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, mwaka 1895. Kwenye filamu, ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa 1906, unatafuta kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Nguvu ya filamu ni kulitoa jambo hili makumbusho na kulirudisha nyumbani, kwa wafiwa. Inachoniachia ni hasira. Michoro iliyoporwa na Wanazi ina Kanuni za Washington za 1998. Hazina meno, lakini zipo. Wahenga wetu haziwahusu. Steinmeier aliomba radhi Songea, Novemba 2023. Kaburi bado tupu.