Tazama Chenga, Usitazame Mwanga

Hivi karibuni, katika kikao cha wataalamu wa picha hapa London, picha ya MRI ya nyonga ilipita kwenye skrini na ukumbi mzima ukaisifu. Mwanga ulikuwa sawasawa ukingo hadi ukingo. Mimi niliona tezi dume imezama ndani ya chenga, nikajua papo hapo kwamba koili, antena inayopokea ishara ya mwili, ililazwa juu ya kitovu. Hakuna aliyeuliza. Nimeudhika, na naandika ili anayejifunza kazi hii asizoee kuita picha ya namna ile nzuri.

Koili ngumu ya goti ilikuwa na nidhamu yake: goti liliingia au halikuingia. Koili laini hukubali kulazwa popote, na hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Ukaribu ndio kila kitu. Ukiingia mwilini umbali sawa na nusu kipenyo cha kitanzi cha koili, usikivu wake umebaki kama asilimia 35. Mwelekeo nao usisahauliwe. Kitanzi kinachotazama kichwani au miguuni, sambamba na uga wa sumaku, ni kama kiziwi. Ndiyo maana koili iliyofunikwa juu kabisa ya bega, au kubandikwa kwenye wayo, husikia kidogo sana hata ikiwa imegusana na ngozi. Wapo wanaoifunika hivyo kila siku na kujisifu kwamba wameubana mwili vizuri.

Sasa chenga. Mwanagenzi hutazama mwanga, na huko ndiko anakopotea, kwa sababu mashine za leo husawazisha mwanga zenyewe: palipofifia huinuliwa hadi palingane na kwingine. Lakini zinapoinua ishara huinua na chenga kwa kiasi kilekile. Mwanga unaweza kurekebishwa baadaye. Uwiano wa ishara na chenga uliamuliwa pale mezani, mgonjwa alipofungwa mikanda. Kwa hiyo tafuta nyama ya aina moja inayoonekana juu na chini ya picha. Misuli ndiyo bora. Katika picha ya koronali ya nyonga, linganisha psoas juu na misuli ya mapaja chini. Chenga zikiongezeka kuelekea miguuni, koili ililala juu mno. Zikizidi upande wa kulia tu, iliteleza kushoto, na mara nyingi mkanda mmoja ulilegea. Katika picha ya aksiali, mbele pakiwa na chenga na mgongoni pasafi, koili ya mezani imefanya kazi peke yake na ile ya juu imeachana na tumbo. Chenga zikijikusanya katikati kupita kawaida ya kina kile huku kingo zote ni safi, usimlaumu aliyeiweka koili: skani imeharakishwa kupita uwezo wa vitanzi. Tangu Pruessmann na wenzake walipoleta SENSE, njia ya kuharakisha skani, mwaka 1999, usikivu wa kila kitanzi mahali kilipo umeingia katika hesabu yenyewe ya picha. Koili ikisogea baada ya skani ya rejea, hesabu inavurugika na vivuli vya mzuka vinatokea.

Aliyenifunza kusoma hivyo ni mama mmoja wa Tanga, radiografa wa miaka mingi magharibi mwa London. Hakulaza koili ya nyonga kabla ya kuupata mfupa wa kinena, na hakumpapasa mtu. Mzee wa Kimombasa akishalala mezani, alimwambia: "Shikamoo mzee wangu. Hebu weka kiganja chako juu ya mfupa, chini kabisa ya tumbo. Hapohapo, usikitoe." Katikati ya koili ilifuata kile kiganja, mzee akatoa mkono taratibu. Kisha mikanda, vidole viwili vikipita chini ya kila mmoja, na ombi: vuta pumzi. Koili ikipanda na tumbo bila kuacha pengo, aliridhika. Ikibaki nyuma, alifungua akaanza upya. Mikono ya mzee aliitenganisha na mapaja kwa kitambaa, wala hakuiacha ishikane, maana mikono iliyoshikana ni kitanzi cha umeme, nacho huunguza. Blanketi aliliweka mwisho, juu ya koili. Januari ya London wagonjwa wanatetemeka, na wenye huruma ya haraka hulitandika mwilini kwanza, likakunjika, sentimita 3 za ukaribu zikapotea.

Mikanda iwe miwili, kamwe si mmoja. Koili iliyokunjamana ni kazi mbaya hata picha ikitoka.

Walaghai wana njia zao. Nilifanya zamu na mmoja aliyerudia upimaji maradufu badala ya kusogeza koili: muda mara 2, faida mara 1.4 tu, mgonjwa akichoka na kujigeuza. Mwingine alikata kingo za picha kabla ya kuzionyesha. Siku hizi kuna programu za akili mnemba za kufuta chenga. Ni nzuri mikononi mwa mwaminifu, lakini wazembe wamejificha humo. Hapo chunguza nyuzi za ndani ya mfupa na mishipa midogo. Vikilainika kama nta, koili ilikuwa mbali.

Jiji hili lilizoea ubora mwingine. Hospitali ya Hammersmith, kwa mashine ya EMI yenye sumaku ya tesla 0.15, Ian Young, Graeme Bydder na wenzao walionyesha mwaka 1981 madoa ya maltipo sklerosisi ubongoni ambayo CT haikuyaona. Mwaka 1985 Bydder na wenzake waliandika juu ya koili zinazoukaribia mwili. Ishara ilikuwa haba, kwa hiyo kila sentimita iliheshimiwa. Heshima ile naiona bado hospitali ya St Thomas', ambako King's College imetumia koili ya mikondo 32 iliyoundwa kwa kichwa cha kichanga. Kwingineko tesla 3 zimetufanya wavivu.

Naambiwa mashine mpya hutambua koili ilipo na kuchagua vitanzi vya kusikiliza. Ni kweli, lakini hazinyooshi mkono kuisogeza. Katika vikao vyetu, basi, picha ya kutafutia ioneshwe kwanza, kabla haijasawazishwa, na mfululizo wote ufuate, kingo zikiwemo. Na radiografa anayeona kwenye picha hiyo kwamba mwanga umeshika kitovu badala ya kinena, akaitoa meza nje na kupanga koili upya huku foleni ikimsubiri, huyo ndiye apigiwe makofi.